QGIS na ArcGIS zikigoma kuingia au kukataa leseni: mwongozo kamili hatua kwa hatua

Assalaam aleikum jamani. Kila wiki napigiwa simu ile ile, mara mtu yuko Mwanakwerekwe, mara Wete, mara kijana yuko Tunguu na kesho anawasilisha kazi yake, na wote maneno yao mamoja: "Programu ya ramani imegoma, nimeitoa nikaiweka tena mara tatu na bado." Hiyo mara tatu ndiyo inayoniuma, maana QGIS peke yake ni zaidi ya GB 1, ukiidaunlodi mara tatu bando la mwezi limekwenda na tatizo liko pale pale ulipoliacha.

Kutoa na kuweka upya mara nyingi hakutibu kitu. Programu hizi zinakwama kwenye faili ulilodaunlodi, au Windows yenyewe, au leseni, au takataka zilizoachwa na programu nyingine, na kila mahali pana ujumbe wake wa kosa. Ukisoma ule ujumbe badala ya kuufunga haraka, nusu ya kazi umeshaifanya. Fuata hatua hizi kwa mpangilio, usiruke, na usifanye mambo mawili kwa pamoja kwa sababu ikipona hutojua kipi kilichoiponya na siku ikirudi unaanza moja.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujagusa kitu

Kompyuta yenye Windows 10 au 11 ya biti 64. Angalia "Settings", halafu "System", halafu "About", pale kwenye "System type" pasome 64-bit. QGIS za sasa hazina toleo la biti 32, ArcGIS Pro (ndiyo ArcGIS ya sasa) haijawahi kuwa nalo, na kama bado uko Windows 7 basi matoleo mapya yote mawili hayatokubali, hapo usipoteze muda.

RAM ya GB 8. QGIS kwenye GB 4 itafunguka lakini utateseka, ArcGIS Pro chini ya GB 8 usijaribu.

Nafasi kwenye diski C: mimi naachaga GB 10 wazi kwa QGIS na GB 32 kwa ArcGIS Pro. Hata kama utaiweka diski D, wakati wa kuinstoli inatumia C kama meza ya kufanyia kazi, kwa hiyo C ikijaa inakufa katikati.

Pasiwedi ya msimamizi wa kompyuta. Kompyuta nyingi za ofisini mtumiaji hana, na mtu wa IT yuko safarini. Itafute kwanza ndio uanze.

Fleshi ya GB 16 au zaidi, iwe imefomatiwa exFAT au NTFS. Fleshi ya FAT32 haikubali faili moja linalozidi GB 4, itakwambia faili ni kubwa mno hata kama fleshi iko tupu kabisa, na watu wanafikiri fleshi imekufa wanakwenda kununua nyengine.

Taarifa za leseni kama unatumia ArcGIS: jina la akaunti na pasiwedi, au faili la leseni, au jina la seva ya ofisi. Ujue yako ni ya aina gani, nitaeleza kwenye hatua ya 5.

Na umeme wa uhakika. Laptopu ichaji ijae kabisa, kompyuta ya mezani iwe kwenye UPS. Umeme ukikatika wakati Windows inaandika mafaili ya programu unabaki na programu nusu, haifunguki na haitoki.

Weka na karatasi pembeni ya kuandika namba za makosa. Namba, sio "imeleta maneno ya Kizungu".

## Hatua ya 1: Angalia saa ya kompyuta

Naanza na saa na najua wengi watataka kuiruka. Usiiruke.

Kuna kompyuta ya mezani niliitwa kuiangalia Chake Chake, ArcMap, yaani ArcGIS ya zamani, ilikuwa inafunguka siku nyengine haifunguki, na wale jamaa walishaiinstoli upya sijui mara ngapi. Nimekaa, nikaangalia pembeni chini ya skrini, tarehe inasoma 1 Januari, mwaka wa zamani kabisa. Nikauliza, wakanambia "aah hiyo kila umeme ukikatika inarudi hapo, sisi tunaiweka sawa kwa kuangalia simu." Na siku wanayosahau kuiweka sawa ndiyo siku leseni inakataa. Kosa lilikuwa namba -88, maana yake mfumo wa leseni umeona saa imerudishwa nyuma, na ukiona hivyo unahisi mtu anajaribu kurefusha leseni iliyokwisha, kwa hiyo unafunga mlango.

Dawa yake ilikuwa betri. Ndani ya kompyuta kwenye mazabodi kuna betri ya duara mfano wa sarafu, imeandikwa CR2032, ya volti 3, kazi yake ni kuitunza saa wakati umeme haupo. Zinauzwa kwa mafundi saa, bei yake ndogo sana ukilinganisha na mabando waliyoyamaliza. Tulizima, tukachomoa waya wa umeme, tukaibinya ile klipu ya pembeni betri ikaruka juu, tukaweka mpya upande wenye alama ya kujumlisha ukiangalia juu. Tukawasha tukaweka tarehe na haikurudi tena.

Fanya hivi: nenda "Date & time" kwenye settings, chagua saa za Nairobi, UTC+03:00, maana ndio saa zetu, halafu bonyeza "Sync now" ukiwa na intaneti. Zima kompyuta, chomoa umeme dakika kumi, washa. Kama tarehe imebaki, betri nzima.

Kwa watu wa QGIS pia hatua hii inawahusu. Saa ikiwa si sahihi tovuti salama zinakataa kuunganishwa, kwa hiyo plagini (vijiprogramu vya nyongeza) hazidaunlodiki na ramani za nyuma hazitokei, nawe unasema intaneti mbovu.

## Hatua ya 2: Hakikisha faili limefika zima

QGIS ichukue qgis.org tu, ArcGIS ichukue kwenye akaunti ya taasisi yako ya Esri, ndio kampuni yenye ArcGIS. Sio kwenye kundi la WhatsApp, sio tovuti zinazotoa kila programu bure, huko unachukua na virusi vyake.

Kwa QGIS utakuta njia mbili. Moja ni faili moja kubwa linaloishia na .msi. Ya pili inaitwa OSGeo4W, hiyo ni faili dogo sana unafurahi kumbe likishaanza ndio linavuta vitu vyote kutoka intaneti wakati wa kuinstoli. Kwa mtandao wetu unaokatika chukua .msi. Na uchukue toleo la muda mrefu, lile lililoandikwa LTR au "Long Term", halina vitu vipya vingi lakini limetulia na linarekebishwa mwaka mzima.

Daunlodi ikikatika katikati usianze upya. Fungua dirisha jeusi la amri, yaani andika cmd kwenye kisanduku cha kutafutia, halafu:

`curl -L -C - -O anuani-ya-faili`

Pale mwisho unabandika anuani ya faili uliyoikopi. Ile -C na kistari chake ndiyo inayosema endelea pale ulipofika. Ikikatika tena, bonyeza mshale wa juu, Enter, inaendelea. Mimi nimeshusha faili zima hivi usiku kucha mtandao ukikatika na kurudi, na asubuhi lilikuwa salama.

Sasa kulihakiki. Hili watu hawalifanyi na ndilo linalowamaliza, khasa wanaotumiana fleshi. Kuna bwana alipelekewa QGIS kwenye fleshi kwa boti mpaka Mkoani, kufika inamletea kosa 1619, kumbe aliyekopi aliichomoa fleshi kabla haijamaliza kuandika. Safari nzima ya baharini imebeba nusu faili. Dawa ni amri moja:

`certutil -hashfile jina-la-faili.msi SHA256`

Inakupa mstari mrefu wa herufi na namba. Fanya kwenye kompyuta iliyodaunlodi na kwenye kompyuta iliyopokea. Mistari ikifanana herufi kwa herufi, faili ni lile lile na limefika zima. Ikitofautiana hata herufi moja, kopi upya, na safari hii itoe fleshi kwa "Eject" usiinyofoe tu. Kama mko mbali mmoja anamsomea mwenzake herufi nane za mwisho kwa simu, inatosha kugundua faili bovu.

Mkiwa na kompyuta nyingi za kuweka, tuseme darasa zima, basi hapo OSGeo4W ina faida: chagua "Download Without Installing" mara moja mahali penye intaneti nzuri, ihifadhi folda ile, halafu kila kompyuta unachagua "Install from Local Directory". Bando moja, kompyuta ishirini.

## Hatua ya 3: Instoli, na ukipata namba isome

Kopi faili kwenye Desktop kwanza, usiinstoli kutoka ndani ya fleshi wala ndani ya faili la zip. Restati kompyuta. Ukirudi usifungue kitu chengine, bonyeza faili mara mbili uanze.

Kwa ArcGIS Pro tahadhari moja: ukilibonyeza lile faili la .exe linajifungua kwanza kwenye folda, na ndani yake kuna ArcGISPro.msi pamoja na mafaili ya .cab. Watu wanachukua ile .msi peke yake wanampa mwenzao. Haitokubali, mzigo wenyewe umo kwenye .cab. Beba folda zima.

Matoleo ya ArcGIS Pro kuanzia 3.3 yanataka kwanza uwe na .NET Desktop Runtime 8 ya Microsoft. Hapa pana mitego miwili. Kwenye ukurasa ule kuna "Runtime" tupu na kuna "Desktop Runtime", unataka hiyo ya Desktop. Na kuna x86 na x64, unataka x64. Ukichukua isiyo yenyewe inaingia vizuri kabisa bila kulalamika, halafu ArcGIS Pro inakwambia vile vile kwamba haijaiona.

Sasa namba zenyewe, hizi ndizo ninazokutana nazo:

1618. Kuna kitu chengine kinajiinstoli wakati huo huo, mara nyingi apdeti za Windows. Hujakosea kitu. Subiri, au restati halafu jaribu tena.

1619. Windows imeshindwa kulifungua faili. Rudi hatua ya 2.

2502 na 2503. Ruhusa. Tafuta cmd, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi, chagua "Run as administrator", halafu andika `msiexec /i` na njia kamili ya faili ndani ya alama za kunukuu.

VCRUNTIME140.dll au MSVCP140.dll haipo. Instoli Visual C++ Redistributable ya x64 kutoka Microsoft. Nakuomba sana usitafute hiyo dll peke yake kwenye tovuti za "daunlodi dll bure", nimesafisha kompyuta mbili zilizoambukizwa kwa njia hiyo hiyo.

1603. Hii ndiyo mama yao, maana haisemi kitu, inasema tu imeshindikana. Kwa hiyo ilazimishe iseme. Fungua cmd kama msimamizi, andika:

`msiexec /i "C:\Users\jina\Desktop\faili.msi" /L*v C:\ramani.txt`

Iache ishindwe tena. Sasa fungua hilo faili ramani.txt, bonyeza Ctrl na F, tafuta maneno `return value 3`. Ukiyapata panda juu mistari kumi hadi ishirini taratibu, sababu imeandikwa pale kwa maneno ya kawaida: diski imejaa, au folda fulani imekataa ruhusa, au faili fulani linatumiwa na programu nyengine. Wengi wakiliona faili lile lilivyo refu wanaogopa, lakini husomi lote, unasoma vile vimistari tu.

Sababu ya 1603 ninayoikuta zaidi ni antivairasi kuzuia faili katikati. Kama faili lako umeshalihakiki kwa certutil na limetoka tovuti yenyewe, izime antivairasi kwa muda wa kuinstoli tu, halafu iwashe papo hapo. Kama hukulihakiki, usiizime.

Ikiwa kila programu inakataa, sio ya ramani peke yake, basi mgonjwa ni Windows. Endesha `DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth` ikimaliza endesha `sfc /scannow`, zote kwenye cmd ya msimamizi. Ya kwanza inataka intaneti na zinachukua muda, usizikate.

Kufaulu kwa hatua hii: dirisha la mwisho limesema "Finish" bila namba yoyote, na programu iko kwenye menyu ya Start.

## Hatua ya 4: QGIS imefunguka lakini inaumwa

Kama inafunguka salama ruka uende hatua inayofuata.

Ugonjwa wa kwanza: inalalamika kuhusu proj.db (faili lenye mifumo ya majira ya ramani), au ukitaka kuchagua mfumo wa majira ya ramani orodha iko tupu, au tabaka zako zinakwenda kukaa baharini. Hii nimeiona zaidi kwa watu waliowahi kuweka PostgreSQL, programu ya kuhifadhia data, na PostGIS yake ya data za ramani. Ile PostGIS inaacha maelekezo kwenye Windows nzima yanayosema "vitu vya proj viko kwangu", QGIS inakwenda kusoma huko, inakuta toleo lisilolingana na lake.

Tafuta "Edit the system environment variables" kwenye Start, fungua, bonyeza "Environment Variables". Angalia orodha zote mbili, ya juu na ya chini. Ukiona PROJ_LIB au GDAL_DATA, iandike kwenye karatasi yako kama ilivyo, halafu ifute. QGIS inajua vya kwake viliko, haihitaji kuelekezwa. Funga QGIS, fungua tena.

Ugonjwa wa pili ni Python. Ujumbe unasema haikuweza kupakia Python na plagini zote zinapotea. Pale pale kwenye "Environment Variables" tafuta PYTHONHOME na PYTHONPATH, kama zipo fanya vile vile. Zinaachwa na Python nyengine uliyoweka ya masomo.

Ugonjwa wa tatu: inafunguka picha ya mwanzo tu halafu inajifunga. Mara nyingi ni plagini moja mbovu. Ifungue kwa kuongeza `--noplugins` mwisho wa njia ya shotikati yake. Ikifunguka, zima plagini moja moja mpaka umjue mwizi. Isipofunguka, nenda `%APPDATA%\QGIS\QGIS3\profiles`, ibadilishe jina folda ya "default" iwe "default_zamani", usiifute maana ina mipangilio yako. QGIS itajitengenezea mpya.

Ndio maana nasema kuitoa na kuirudisha hakusaidii: ile folda ya profiles na zile environment variables haziguswi unapotoa programu. Unatoa nyumba, takataka zinabaki uani, unajenga nyumba mpya, harufu ile ile.

## Hatua ya 5: Leseni ya ArcGIS

Watu wa QGIS hamna leseni ya kuwasumbua, ni huria na bure, ukiona mtu anakuuzia "leseni ya QGIS" mkimbie.

ArcGIS Pro ina njia tatu za leseni, na makosa mengi ni mtu kujaribu ufunguo wa mlango mwengine. Ukiifungua, kwenye dirisha la kuingilia utaona sehemu ya kubadilisha aina ya leseni.

Leseni ya jina la mtumiaji. Unaingia kwa akaunti. Ikikwambia huna leseni na pasiwedi umeiweka sahihi, kompyuta yako haina kosa lolote, msimamizi wa akaunti ya taasisi hajakupangia leseni ya Pro. Mwandikie yeye, mpe jina la akaunti yako kama lilivyo. Akaunti ya bure uliyojifungulia mwenyewe haifungui ArcGIS Pro, hilo mlijue.

Unakwenda kupima Kojani au Tumbatu ambako hutokuwa na intaneti ya kutegemea? Kabla hujatoka, ukiwa na mtandao, nenda "Settings", "Licensing", weka tiki kwenye "Authorize ArcGIS Pro to work offline". Halafu zima waifai, ifunge programu, ifungue tena. Ikifunguka bila waifai uko tayari kwa safari. Ukirudi ondoa ile tiki ukiwa na intaneti. Na kamwe usifomati kompyuta wakati leseni imo ndani yake namna hiyo, itakwama humo na msimamizi wako ataanza kuwaandikia Esri barua.

Leseni ya kompyuta moja. Inakuja na faili linaloishia .prvc. Hii imefungwa na ile mashine. Kabla ya kubadilisha kompyuta au kuiformati lazima uirudishe kwa "Deauthorize". Ukisahau, mashine mpya itaambiwa idadi imekwisha.

Leseni ya seva ya ofisi. Hapa seva moja inagawa leseni kwa kompyuta nyingi, na hapa ndipo zinapokuja namba za kutoa. Zisome hivi:

-4: leseni zote zinatumika sasa hivi. Mtafute aliyeacha ArcGIS wazi akaenda kula.
-5: hiyo kazi unayoitaka haimo kwenye leseni yenu.
-10: muda umekwisha.
-15: kompyuta yako haifikii seva kabisa.
-96: jina la seva halipatikani au seva imezimwa.
-97: seva ipo hai lakini ile sehemu inayogawa leseni imelala, msimamizi aiamshe upya huduma ya License Manager.
-88: saa. Rudi hatua ya 1.

Ukipata -15 au -96, swali la kwanza kabisa: uko kwenye mtandao wa ofisi? Dada mmoja alinitumia skrinshoti za -15 jioni nzima, kumbe amekaa nyumbani Kiembesamaki ameunganisha hotspoti ya simu yake. Seva ya ofisini haionekani kutoka huko bila VPN, yaani njia ya kuingia mtandao wa ofisi ukiwa nje.

Kama uko ofisini, fungua PowerShell uandike:

`Test-NetConnection jina-la-seva -Port 27000`

Mstari wa mwisho ukisoma "TcpTestSucceeded : True" njia iko wazi mpaka poti ile. Ukisoma False, jaribu kwa namba ya IP badala ya jina. Ikikubali kwa IP, tatizo ni jina tu, tumia IP. Ikikataa zote, kwenye seva faiwoli iruhusu programu mbili, lmgrd.exe na ARCGIS.exe. Wengi wanaruhusu poti ya 27000 peke yake wanashangaa bado, kwa sababu lmgrd inakaa kwenye poti ile lakini ARCGIS.exe inachagua poti yake nyengine kila inapowaka. Ruhusu programu zenyewe sio poti tu.

Na wale mliobaki na ArcMap: Esri wameiwekea mwisho wa msaada tarehe 1 Machi 2026. Mimi nawashauri muhamie ArcGIS Pro au QGIS mapema, maana kila tatizo jipya la ArcMap kuanzia hapo ni lako peke yako.

### Programu zenye kifunguo cha USB

Baadhi ya programu za upimaji zinakuja na kifunguo kidogo cha USB. Kichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, sio kwenye kigawanyio cha USB. Kama ni cha aina ya Sentinel, fungua kivinjari uandike `http://localhost:1947`. Ukurasa ukifunguka na kifunguo kikaonekana kwenye orodha, kizima. Ukurasa usipofunguka kabisa, draiva yake haipo.

### Kuhusu kreki

Naelewa bei ni kubwa, na mwanafunzi hana pesa hizo. Lakini kreki inafanya kazi kwa kubadilisha mafaili ya leseni, kwa hiyo apdeti yoyote au antivairasi yoyote inaivunja, na inakudai uzime ulinzi wa kompyuta ambayo ina mipaka ya mashamba na nyumba za watu ndani yake. Mtu ambaye ramani zake zimetekwa na virusi vinavyodai pesa haniambii tena kwamba kreki ni bure. QGIS inafanya kazi zote ninazoziona ofisini na vyuoni hapa kwetu.

## Hatua ya 6: Thibitisha kweli imepona

Kufunguka sio kupona. Fanya jaribio hili la dakika mbili kwenye QGIS.

Anza mradi mpya. Kwenye paneli ya "Browser" fungua "XYZ Tiles", bonyeza OpenStreetMap mara mbili, ramani ya dunia itokee. Pembe ya chini kulia bonyeza pale palipoandikwa EPSG, tafuta 32737. Hiyo ndiyo namba ya mfumo wa majira wa WGS 84 / UTM zone 37S, unaotumika Unguja na Pemba zote. Sasa kwenye kisanduku cha "Coordinate" chini katikati andika:

`521000,9319100`

Bonyeza Enter, halafu sogeza karibu, weka "Scale" 1:5000. Unatakiwa ujikute Mji Mkongwe, upande wa Forodhani. Ukijikuta hapo, intaneti ya programu ni nzima, saa ni nzima na proj ni nzima, vyote kwa mpigo. Ukijikuta baharini mbali au ramani imepotea, rudi hatua ya 4.

Tafadhali mjue na hili, maana kuna watu wameinstoli upya bure kwa sababu yake: ramani za zamani nyingi za huku zimechorwa kwa mfumo wa majira wa zamani, Arc 1960, EPSG 21037. Ukiifungua kama 32737 vitu vyote vinahama mamia ya mita, barabara inapita juu ya nyumba. Programu haina kosa lolote. Mpe lile tabaka mfumo wake sahihi.

Kwa ArcGIS Pro, fungua mradi, ongeza tabaka lolote, lihifadhi, funga, restati kompyuta, fungua tena. Kama leseni inashika baada ya kurestati, imeshika.

## Ukikwama bado

Ukimuomba mtu msaada mtumie vitu hivi kwa ujumbe mmoja: jina la programu na namba kamili ya toleo, toleo la Windows, namba ya kosa, skrinshoti ya dirisha zima na sio picha ya simu iliyopigwa pembeni, hatua uliyofika kwenye mwongozo huu, na kama ni 1603 ile mistari ishirini ya juu ya `return value 3`. Ile mistari ikopi uibandike kama maandishi ili mtu aweze kuitafuta. Ficha pasiwedi na namba ya leseni kabla hujatuma.

Na faili la QGIS ulilokwisha lihakiki usilifute, liweke kwenye fleshi pamoja na karatasi yenye ule mstari wa certutil. Jirani yako atalihitaji wiki ijayo.